Chumba Walichokitangaza Mvouni

Hebu niambie, wewe ushawahi kumuuguza mtu ambaye haumwi popote? Hana homa, hana jipu, tumbo lake zima. Ukimgusa hapa anasema hapana, ukimgusa hapa anasema hapana, na bado unamwona anakwisha mbele ya macho yako kama sabuni ndani ya maji. Mie nimemuuguza. Sogeza hilo jamvi, kaa vizuri. Mie nikianza kusema sinyamazi, watu wa mtaa huu wa Hombo wote wananijua. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akivaa kofia kwenda msikitini ananiuliza, "Nikirudi utakuwa umefika wapi?"

Kiswahili hiki nilikibeba kutoka Unguja. Nililelewa huko kwa shangazi mpaka nilipokuwa mwari, ndipo nikarudishwa mji wetu huu wa Mutsamudu kuolewa. Shule sikusoma, ila Kurani, na kuandika jina langu. Kwa hiyo usingoje maneno ya vitabuni.

Niliyemuuguza ni binti yangu wa kwanza. Jina lake sitaji. Sitataja jina la mtu yeyote hapa, hata la kuku. Nimemwomba ruhusa nisimulie, naye akaitikia kwa kichwa. Kwa binti yangu huyo, kuitikia kwa kichwa ni hotuba.

Lakini hakuzaliwa hivyo! Wacha nicheke kwanza. Yule mtoto alikuwa na mdomo, wallahi. Nikimtuma samaki, anabishana na muuza samaki mpaka anarudi na samaki na kichwa cha samaki wa pili, na muuza samaki anakuja nyuma yake kunilalamikia mimi. Darasani aliwashinda wavulana akawacheka. Baba yake alikuwa mchukuzi bandarini, anashusha magunia ya mchele kwa mgongo, na mgongo ule ule ndio ulikuwa unamjengea binti nyumba. Kwetu kisiwa hiki cha Nzwani nyumba ni ya mtoto wa kike, mume ndiye anayehamia. Basi kila meli ikija, ukuta unapanda kidogo. Posa ilikuwa imeshakuja, kijana wa mjini, baba yake akisomesha dini, watu wenye adabu zao. Tulikuwa tunangoja amalize masomo tu.

Masomo yenyewe yalikuwa Ngazidja, kisiwa kikubwa. Wakati huo chuo kikuu kama hiki cha leo hakikuwapo. Kilikuwapo chuo cha juu kule Mvouni, mlimani juu ya Moroni, kinatoa walimu. Kuingia huko ilikuwa fahari. Baba yake alitembea bandari nzima siku ile anawaambia hata mabaharia wa Kigiriki, ambao hawakuelewa kitu, wakampa sigara.

Na zilikuwa zama za wale wazungu wa bunduki. Mamluki. Walikuja wakampindua rais mmoja, wakamrudisha mwingine, kisha wakakaa wao wenyewe. Askari wa kumlinda rais walikuwa chini yao, watoto wetu wenyewe, wamevishwa nguo nyeusi. Wengine katika wale wazungu walisilimu, wakaoa huku kwetu, wakikupita njiani wanakutolea "asalamu aleikum" kwa pua. Tulikuwa tukicheka, tunajifunika shuka zetu za shiromani mdomoni. Tunacheka huku tunaangalia mlango.

Basi nikiwa zangu hapa Mutsamudu, akaja binti mmoja aliyekuwa akisoma na mwanangu. Ametoka melini, hajafika kwao bado, mzigo uko kichwani. Akasimama uani akaniambia, "Mama, nenda ukamwone mwanao."

"Anaumwa?"

"Nenda tu, mama."

Nilipanda meli. Nilitapika kutoka bandari ya Mutsamudu mpaka Moroni, mwanamke mmoja pembeni yangu akaniuliza kama kuna kitu kilichobaki ndani. Nikamwambia roho. Tukacheka. Mie hata nikiwa na wasiwasi mdomo hauachi, ndiyo maumbile.

Moroni nilifikia kwa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliyeolewa huko. Huyu lazima umjue. Mwanamke mnene, mzuri, mkarimu, dhahabu mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa ameshamfanyia mwanawe harusi kubwa, ile ya Wangazidja wanayoiita anda, ambayo mtu asipoifanya anazeeka bado ni mtoto mbele za watu. Dada yangu alikuwa mtu mzima aliyekamilika. Akiingia mahali, wanawake wanasogea.

Asubuhi nikapanda teksi kwenda Mvouni. Kule juu kuna baridi, ukungu unashuka mpaka unaingia ndani ya nyumba kama mgeni asiyebisha hodi. Nikamkuta mwanangu amekaa kitandani bwenini, kavaa vizuri, kanyooka. Nywele hazijachanwa. Nikamuuliza, umekula? Ndiyo, mama. Unalala? Ndiyo, mama. Wenzako wako wapi? Wako darasani, mama. Yule mtoto wa kubishana na muuza samaki ananijibu kama askari wa zamu.

Nikamteremsha Moroni siku ya Ijumaa, nikamtia jikoni kwa dada yangu, nikampa mbuzi akune nazi. Mtu mikono yake ikiwa na kazi, mdomo hulegea. Nami nikakaa natwanga majani ya muhogo, tupike mataba, simwangalii. Ndipo akasema.

Kulikuwa na kijana darasani kwao, anakaa benchi moja naye. Kijana wa kijiji cha karibu na Mvouni, mcheshi, anaandika vikaratasi vya kumcheka mkuu wa chuo. Labda aliandika na vingine. Asubuhi moja wakaingia wale wa nguo nyeusi, na mzungu mmoja mlangoni. Wakamuulizia yule kijana kwa jina.

"Hakuna aliyejibu, mama. Wote waliangalia chini. Mimi nilimwangalia."

"Ulimwangalia vipi?"

"Nilimwangalia tu. Nilitaka kuona kama anaogopa. Wakafuata macho yangu."

Nikaacha kutwanga. Nikamwambia, mwanangu, wangemjua tu. Wangemuuliza mkuu wa chuo, wangewahesabu wote mmoja mmoja, wangemjua.

"Labda," akasema. Akaendelea kukuna. Nazi ilikuwa imekwisha, anakuna kifuu.

Kijana hakurudi. Wapo waliosema yuko kifungoni, wapo waliosema amevushwa kisiwa kingine. Na darasani mwalimu aliita majina kesho yake, alipofika kwenye jina lile akaliruka, wakaendelea. Hakuna aliyesema neno. Ungemwambia nani? Jirani ana mtoto askari. Shehe ana mkwe serikalini. Mwanangu alikuwa amebeba macho yake mwenyewe kichwani na hana pa kuyatua.

Tulifanya yetu. Nilimpeleka akasomewa, nikampa kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji ya waridi, akanywa. Alipata usingizi kidogo, Mungu ashukuriwe. Lakini akiamka anaamka nayo.

Sasa kulikuwa na mwalimu mmoja pale chuoni. Mtu wa Moroni, bado kijana, amesoma Ufaransa, miwani yake imefungwa waya sikioni. Akanijia kwa dada yangu, akakaa ukingoni mwa kiti, akaniambia, "Mama, si binti yako peke yake. Yupo asiyeingia tena darasani. Yupo anayecheka peke yake. Yupo aliyekunywa dawa ya panya, tukamtapisha kwa maziwa, wazazi wake wanajua ni tumbo."

"Sasa unataka nini, mwanangu?"

"Chumba."

Nikamwangalia. Nikajua miwani imemzidi.

Akanieleza. Chumba kimoja kidogo, mbali na madarasa. Mikeka, birika la chai. Na ndani akae mtu mzima mmoja, si mwalimu, si askari, si jamaa ya mtu, kazi yake kusikiliza na kufunga mdomo. Mwanafunzi aliyelemewa aingie, aseme, atoke.

Nikamwambia, "Mtu wa kufunga mdomo katika Ngazidja nzima utamtoa wapi? Utamwagiza na meli?"

Akacheka, mara ya kwanza. Akasema anaye muuguzi mmoja wa kike aliyestaafu, mwanamke mkimya. Anachokosa ni pesa. Mabati, saruji, mshahara kidogo wa yule mama. Amemwendea mkuu wa chuo, mkuu akamwonyesha kabati, chaki hamna. Amewaendea wageni wa misaada, wazungu wengine, si wa bunduki, wale wa magari meupe. Wakamwambia wana fungu la vyoo na fungu la vitabu. Huzuni haina fungu. Akawaambia, basi niandikieni choo, mimi nitajenga chumba. Wakamwambia watakuja kukagua choo.

Dada yangu alikuwa amekaa pale pale anasikiliza, kijiti cha msinzano mkononi, anajipaka liwa yake usoni. Akasema, "Na sisi tumekufa?"

Alikuwa na maana ya wanawake wa mtaa wake. Huko Ngazidja wanawake wana vikundi vya kuchangishana. Leo harusi ya kwako, tunakuja na sare moja na ngoma na pesa, kesho harusi ya kwangu unakuja wewe. Walikuwa na mfuko mnono, wenye kuoza binti kwa ng'ombe na dhahabu. Dada yangu akasema, "Wanawake wa mtaa huu hawajashindwa na kitu. Chumba? Hata ghorofa."

Wallahi nilimbusu mikono. Mwalimu miwani yake ilifanya ukungu. Nikaona mwanangu amepona. Nikaona hivi, anaingia kwenye kile chumba, anamwambia yule mama mkimya habari ya macho yake, anatoka, anaanza tena kunibishia.

Nikamwambia dada yangu, "Toeni, Mungu awalipe. Ila toeni kimya kimya."

Akanigeukia, nusu ya uso ina msinzano, nusu haina. "Kimya kimya? Mdogo wangu, pesa ya kimya kimya ni ya mganga."

"Dada, watoto hawa wana aibu. Na askari."

"Sikiliza. Mwanamke akitoa pesa bila kuonekana, nani atajua ametoa? Kesho kwake kukiwa na harusi, nani atamrudishia? Halafu hatuwezi kutoa kwa ukuta. Pesa yetu lazima ipokelewe na mtu, tumtaje, na mji wake, na baba yake. Hivyo ndivyo tunavyotoa. Unataka nikawaambie wenzangu leo tunatupa shimoni?"

Ile haikuwa jeuri, unielewe. Kwao kutajwa ndiyo heshima yenyewe. Mtu asiyetajwa hakupewa. Nikambembeleza, mwalimu akambembeleza. Mwisho tukakubaliana: chumba kitatajwa kwa jina la chuo, na mkuu wa chuo ndiye atakayepokea. Majina ya watoto hapana. Dada yangu akaweka mkono kifuani. "Hapana. Nimesema."

Siku ikafika. Baada ya sala ya alasiri wakapanda Mvouni, teksi nyuma ya teksi, wanawake sare moja ya njano, msinzano usoni, sinia za mkate vichwani, ngoma, matari. Uzuri! Sitadanganya, nilisahau. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Ukungu ulikuwa unashuka, njano ile inatembea ndani ya ukungu kama mashada ya langilangi. Watu wa vijiji vya jirani wakatoka kutazama, maana ngoma inaita. Wanafunzi wamesimama kwenye baraza ya bweni. Mwanangu alikuwapo, nilikuwa nimemchana nywele asubuhi mwenyewe.

Mkuu wa chuo akakaa kwenye kiti katikati, amevaa kanzu na joho, hajui aweke mikono wapi. Dada yangu ndiye aliyekuwa mtangazaji. Hakuna mwenye sauti kama yake. Wanawake wakaanza kupita mmoja mmoja, anaweka pesa kwenye sinia, dada yangu anamtaja, mke wa fulani, mama wa fulani, mtaa fulani, vigelegele. Ikawa vizuri.

Kisha mwanamke mmoja mzee, mkubwa kuliko wote kwa heshima, akasimama na pesa yake mkononi, asiiweke. Akauliza, kwa sauti, "Ninampa nani?"

Dada yangu akasema, "Chuo."

"Chuo ana mama? Mimi nimetoa kwa watu maisha yangu yote. Ninampa nani?"

Ngoma ikapoa. Watu wakatazamana. Mwalimu akanyanyua mkono, akaushusha. Mimi nilikuwa namwangalia dada yangu, na namwona, namwona hivi hivi, inampanda kifuani. Sherehe yake inakufa mbele za watu. Na hapo pia, nitaapa hata kaburini kwake, alikuwa anampenda mwanangu.

Akasema, kwa ile sauti, "Unampa mtoto wangu! Binti wa mdogo wangu, mtu wa Mutsamudu, baba yake mchukuzi wa bandari, ameacha kwao amekuja kusoma kwetu! Aliyekaa benchi moja na yule kijana aliyechukuliwa, na tangu siku hiyo hali wala halali! Msimamieni! Huyu leo ni bibi harusi wetu!"

Vigelegele, mama yangu. Mlima mzima.

Wakamfuata barazani wakamshika mikono, wakamleta katikati, wakamtupia kitambaa cha njano mabegani. Yule mzee akaweka pesa yake, ameridhika. Mwanangu anatembea tu anapoburutwa. Nikawa nasukuma watu nimfikie, watu wanadhani nakwenda kucheza, wananipisha na kunipiga makofi ya mgongoni.

Na kabla sijafika akafika mwingine. Mwanamke mwembamba, hana sare, shuka ya nyumbani tu, mikono ina udongo, ametoka shamba. Amesikia ngoma, akaja kutazama kama wenzake. Alikuwa mama wa yule kijana.

Akasimama mbele ya mwanangu. Hakupiga kelele. "Ni wewe uliyekaa na mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Walipomchukua. Alisema nini?"

Mwanangu midomo imefunguka.

"Niambie hata neno moja. Nimekwenda kila mlango. Nimeambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Wewe ulikuwa karibu. Alisema nini?"

Kimya. Na kimya katika sherehe ya Wangazidja ni nuksi, lazima kizibwe. Mtu nyuma akapiga vigelegele. Mwingine akamsaidia. Ngoma ikarudi, wanawake wakawazunguka wale wawili wakiimba, wanadhani wanawafariji, na yule mama bado anauliza, namwona mdomo wake, alisema nini, alisema nini, na sauti haitoki nje ya ngoma.

Nilipomfikia mwanangu nikamshika, alikuwa baridi. Akaniambia sikioni, "Ameniona, mama." Hilo ndilo neno la mwisho alilonena siku ile, na siku nyingi baadaye.

Teksini tunarudi nilimwambia dada yangu, "Ulisema hapana." Akanishangaa. Machozi yanamtoka, ya kweli. "Nimemheshimu! Bibi harusi wa mwanangu mwenyewe sikumtangaza vile! Sasa umekasirika nini?" Amekufa hajui. Nimemlilia sana dada yangu, tulikuwa tunacheka pamoja kuliko mtu yeyote, na amekufa hajui.

Chumba kilijengwa. Hawakuwa waongo wale wanawake, pesa ilikuwa ya kweli. Mabati mapya, mlango mzuri, kuta kijani. Mwalimu akatandika mikeka. Yule muuguzi mkimya akaja kila alasiri, akakaa, akachemsha chai, anashona kofia kwa sindano kwa sababu hana la kufanya. Nani angeingia? Chumba kile kila mtu alikijua, na kijia chake kinapita mbele ya mabweni yote. Ukikanyaga kijia tu, watu wanauliza, huyu naye ana nini, alikaa na nani. Aliingia mwanafunzi mmoja tu, akaazima sindano.

Kisha wale wa nguo nyeusi wakasikia kuna nyumba ya kusemea. Wakaja na mzungu wao. Wakamuuliza mwalimu, husema nini humo? Akawaambia, hawajasema kitu bado. Alikuwa anasema kweli, maskini. Muda si mrefu akahamishiwa kisiwa cha Mwali, kufundisha watoto wadogo kusoma, na chumba kikawekwa magunia ya saruji ya serikali. Nilipopita baadaye nilichungulia. Saruji ilikuwa imeshika unyevu, imekuwa mawe.

Nikamrudisha mwanangu Mutsamudu. Cheti hakupata. Mama wa yule mchumba akatutembelea, adabu yake tele, akanywa kahawa, akasifu halua yangu, kisha akasema, "Watoto bado wadogo, tungoje kidogo." Halua nilimfungia achukue. Habari ilikuwa imefika kabla yetu, meli ile ile labda.

Nikampeleka hospitali hapa Hombo. Daktari akampima, akamgonga magoti, akasema hana kitu. Akampa vidonge vyekundu vya kuongeza damu. Nikamuuliza, daktari, nyinyi hamna mtu wa kusikiliza? Akanisikiliza kifua mimi. Yarabi, nilicheka mpaka nje, na nilipofika nje nikakaa kwenye ngazi nikashindwa kuinuka.

Baba yake akamalizia nyumba. Kila jiwe. Alikuwa anasema, akiingia kwake atachangamka. Aliingia. Aliolewa baadaye na mjane mmoja, muuza vitambaa, mtu mpole ambaye hakumuuliza kitu maisha yake yote. Huo ndio ulikuwa wema wake, nami nilikuwa natamani nimtikise, nimwambie, muulize basi! Wakazaa msichana mmoja. Mume akafa. Baba yake naye akafa, kaona nyumba imejaa vyombo na binti yake ndani yake ni kama mgeni.

Mwisho wale wazungu wa bunduki waliondolewa, watu wakaimba barabarani. Mie nilikimbia na unene wangu huu kumwambia. Nikamkuta anapepeta mchele. "Wameondoka!" Akasema, "Kweli?" Akaendelea kupepeta. Wenzetu wote walikuwa wanangoja siku hiyo. Wakadhani wakiondoka, kila walichochukua kitarudi.

Usidhani nimekaa kimya. Nimejaribu miaka yote. Namwambia, hukumtaja, uliangalia tu. Ananiwekea chai. Namwambia, twende Ngazidja tumtafute yule mama, umwambie kijana hakusema kitu, au alisema, lolote. Anatoka nje anaanua nguo. Nikisema sana ananishika mkono na kunibembeleza mimi. Mie mwenye mdomo wa Hombo nzima, kwa mtoto wangu sina neno hata moja linaloingia.

Sasa yule msichana wake, mjukuu wangu, anasoma Mvouni. Pale pale. Siku hizi ni chuo kikuu, watoto wamejaa. Ana mdomo, alhamdulillahi, tunabishana mpaka majirani wanafunga madirisha. Likizo hii kaja ananiambia, "Koko," ndivyo tunavyoita bibi huku, "koko, tumeunda kikundi. Tunatafuta wafadhili. Tunataka chumba cha wanafunzi wenye mawazo, na mtaalamu."

Nikamtazama. Mama yake alikuwa amekaa kizingitini anatoa mchanga kwenye dagaa.

Nikamuuliza, "Na hao wafadhili wanataka nini?"

"Wanataka ripoti tu, koko. Na picha."

"Picha za nani?"

"Za wanafunzi wanaosaidiwa."

Mama yake mikono ikasimama. Kidogo tu, ikaendelea. Mie nikamvuta mjukuu wangu ndani, nikafunga mlango, nikamwambia yote haya niliyokwambia wewe. Alikuwa hajui. Alikuwa anadhani mama yake ni mtu asiyependa maneno, basi. Alilia, halafu akakasirika, akauliza kwa nini hakuna aliyemwambia. Nikamwambia, ningekwambiaje, mwanangu, kila mara tuliposema mambo yaliharibika zaidi.

Akasema, picha hatutapiga, hata wafadhili wakituacha. Nikamwambia watawaacha. Akasema najua.

Nikamwambia jambo langu, maana mie sasa nimezeeka, miguu imevimba, nikipanda ngazi za medina, huu mji wetu wa kale, napumzika kwa kila jirani. Nikamwambia, mimi nikiondoka, mama yako hana tena mtu duniani anayejua kwa nini amenyamaza. Atabaki nayo peke yake ndani ya nyumba hii. Si chumba ninachoogopa, ni hilo.

 Mjukuu wangu akanishika miguu yangu hii iliyovimba, akaniambia, "Koko, nitakuja kila likizo, na nikimaliza nitakuja nikae. Nitakaa na mama. Sitamuuliza, wala sitamwambia mtu. Siku akitaka kusema atanikuta, na asipotaka maisha yake yote, atanikuta vilevile."